"Fundi, picha zangu ziko Google"

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia kibandani kwangu Luthuli, Nairobi, na simu mpya, nailoni bado iko kwenye kioo. Ya zamani ilichopolewa dirishani mwa matatu, kwenye foleni pale Ngara. Wala hakuwa na wasiwasi. "Fundi, niwekee akaunti tu, picha zangu ziko Google."

Nikaweka. Picha zikaanza kushuka: harusi, shamba, wajukuu. Zikafika mwaka juzi, zikakoma.

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo hugawanwa na barua pepe, Drive (ghala la faili) na Photos (ghala la picha). Tangu Juni 1, 2021, kila picha mpya inayopanda huhesabiwa humo. Nafasi ikijaa, picha huacha kupanda na simu hutoa onyo, nasi hulifuta kama tunavyofuta matangazo ya mikopo. Bakapu (nakala ya akiba) ya WhatsApp kwenye Android nayo hula GB hizo hizo, kwa hivyo huenda video za kamati ya harusi ndizo zilizowafungia mlango wajukuu. Wa iPhone wasicheke: iCloud, ghala lenu la Apple, ya bure ni GB 5.

Jingine linaloniletea wateja wenye machozi: Photos ikishapandisha picha, ukiifuta ndani ya Photos kwenye simu, inafutika na kule Google. Hukaa kwenye pipa siku 60, basi. Ukitaka simu ipumue, tumia lile chaguo la kuongeza nafasi ("Free up space"); hilo huondoa nakala za simuni tu, za Google hubaki.

Na fundi si mganga wa kufufua kilichofutwa. Diski za zamani za kuzunguka zilikuwa na huruma, kilichofutwa kilibaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD, zile za sasa zisizozunguka, hupewa amri ya TRIM ya kusafisha kilichofutwa, na mara nyingi hakuna cha kufukua. Simu za sasa husimba data, yaani huigeuza fumbo, kwa ufunguo uliofungiwa ndani ya chipu. Bodi ikifa kabisa, kung'oa memori hakukusaidii.

Mimi nina diski mbili za nje. Moja naichomeka Jumapili, nanakili, naichomoa, maana stima ya mtaani kwetu ikirudi hurudi na kishindo, na virusi vya kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa. Ya pili iko kwa dada yangu Rongai. Tunabadilishana nikienda kumsalimia. Flashi ya "TB 2" kwa shilingi elfu moja usiniletee. Imefundishwa kusema uongo: nafasi yake ya kweli ikijaa, faili hupotea kimyakimya. Ipime kwanza kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima flashi.

Halafu kila baada ya miezi michache nachukua simu kuukuu, naingia kwenye akaunti yangu, natafuta picha ya wiki iliyopita. Kama haipo, nimejua mapema.

Yule mama tulimwokotea kadhaa kutoka simu ya shemeji yake. Zimefinywa na WhatsApp, sura hazionekani vizuri, lakini alizilipia hadi kuzichapisha.