Kubashiri filamu kwa maneno ya wahusika: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Play it again, Sam" ni maneno ya Casablanca.

Ukweli: Hayamo. Katika filamu hiyo ya 1942, Ilsa ndiye anayemwomba mpiga piano, kwanza "Play it once, Sam", kisha "Play it, Sam". Baadaye Rick, mhusika mkuu, akiwa amelewa, anaamuru "Play it!" basi. Neno "again" halisikiki. Ukilitumia kwenye chemshabongo utawaonea washindani, kwa sababu Play It Again, Sam ni jina la filamu nyingine kabisa, ya vichekesho, iliyoandikwa na Woody Allen na kutoka 1972.

Dhana: Darth Vader alisema "Luke, I am your father".

Ukweli: Alisema "No, I am your father", kwenye The Empire Strikes Back ya 1980, mojawapo ya filamu za Star Wars. Hiyo "No" ndiyo inayobeba uzito wote. Luke ametoka kumwambia kuwa yeye Vader ndiye aliyemuua baba yake, naye anakanusha. Ukilinyofoa jibu hilo kwenye mabishano yao, anayesikia hajui nani anaambiwa, ndipo watu wakachomeka jina. Maneno mengi ya filamu huharibika hivihivi: hurekebishwa ili yaeleweke nje ya tukio lake. Kwenye Jaws (1975), mkuu wa polisi anasema "You're gonna need a bigger boat", wengi wakageuza ikawa "We're". Kumbuka tu kwamba boti ni ya Quint, mwindaji wa papa, na ndiye anayeambiwa; hutakosea tena.

Dhana: Malkia wa Snow White anasema "Mirror, mirror".

Ukweli: Kwenye filamu ya Disney ya 1937 ni "Magic mirror on the wall". Kuita kioo mara mbili kumetoka kwenye ngano ya Kijerumani ya ndugu Grimm.

Dhana: The Lion King inafunguliwa kwa Kiswahili.

Ukweli: Ni Kizulu, sauti ya mwimbaji Lebo M wa Afrika Kusini; "ingonyama" ni simba. Kiswahili kimo kwenye majina Simba na Rafiki, na kwenye "hakuna matata", ambayo bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilishaiimba katika wimbo "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu.

Dhana: Nimelisikia kwa masikio yangu, basi limo.

Ukweli: Si lazima, kama uliitazama iliyotafsiriwa. Kwenye mabanda ya video, DJ hufunika sauti za wahusika, huongeza utani wake na hata kuwabatiza majina mapya. Kazi yake ni sanaa kamili, ila maneno ni yake. Kabla ya kuandika swali, tafuta nakala ya lugha ya asili, rudi nyuma dakika mbili kabla ya maneno yenyewe, kisha andika nani anamwambia nani na anajibu nini. Maandishi ya chini ya picha hufupishwa ili yaenee kwenye skrini. Yakipishana na sauti, fuata sauti.