Dawa inavyohama mwilini baada ya kifo

Mtu akikutwa amekufa katika chumba cha gesti mjini Malindi na chupa ya bia haijaisha, mtaa huwa umeshaamua: katiwa mchele, yaani dawa ya kulaza ndani ya kinywaji. Sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali na watu wakangoja ndiyo au hapana. Kinachorudi ni kipimo, na kipimo hicho hutegemea sana damu ilitolewa wapi.

Moyo ukishasimama, dawa haitulii. Dawa nyingi za kulaza huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mtu akiwa hai hujirundika kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo. Seli zikianza kuoza, dawa huvuja na kuingia katika damu iliyo jirani, hasa ya moyoni. Amitriptilini, dawa ya sonona, ni korofi sana: damu ya moyo huweza kuonyesha kiwango mara kadhaa ya kile cha paja, na aliyemeza dozi yake ya kawaida akaonekana amejiua. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huhama kidogo tu.

Ndiyo maana daktari hushuka pajani. Huufunga mshipa kwa uzi kwanza, damu ya tumboni isije ikateremka, kisha huvuta kwa sindano na kuitia katika chupa yenye floridi ya sodiamu, chumvi inayozuia bakteria. Haya yote yafanywe kabla ya formalini, dawa ya kuhifadhi maiti. Kwa joto la pwani, mochari huwa na haraka ya kuidunga, na ikishaingia mishipani, damu ya kupima imeharibika. (Jamaa wa Kiislamu wanaotaka kuzika siku hiyo hiyo hulaumiwa kwa pupa, lakini maiti yao huwa haijaguswa na formalini.)

Bakteria nao wana vituko. Flunitrazepamu, mojawapo ya dawa zinazotiwa vinywajini, huigeuza kuwa 7-aminoflunitrazepamu, wakati mwingine isibaki hata chembe ya ile ya asili. Maabara isiyotafuta zao hilo itaandika "haikuonekana". Kipimo cha haraka cha mkojo hakisaidii sana hapo: hutaja jamii ya dawa tu, na mkojo waweza kubeba diazepamu iliyomezwa siku kadhaa nyuma.

Halafu kuna pombe. Diazepamu peke yake ni nadra kumuua mtu mzima. Ikikutana na pombe au heroini, pumzi hudidimia. Lakini bakteria hutengeneza pombe pia ndani ya maiti, hivyo daktari huvuta na majimaji ya jicho, mahali wanapochelewa kufika.