Mwarobaini na Chembe za Fedha: Maswali na Majibu

Fedha hii ni ya mkufu au ya mfukoni?

Ya mkufu. Ni madini yale yale ya sonara, ila chembe zake zina upana wa nanomita 1 hadi 100. Milimita moja tu ina nanomita milioni.

Mwarobaini unaingiaje hapo?

Mwaka 2004 wanasayansi wa Pune, India, walichapisha kazi yao: walichemsha majani ya mwarobaini, wakachuja, wakachanganya maji yake na nitrati ya fedha, yaani chumvi ya fedha iliyoyeyushwa. Sukari na viambata vingine vya majani huipa fedha elektroni, nayo ikaacha kuwa chumvi na kuwa chembe. Viambata hivyo huzivika chembe koti zisigandane. Dalili unaiona kwa macho: maji ya njano hafifu yanageuka hudhurungi. Kazi hiyo ya kuipa fedha elektroni maabara nyingi huifanya kwa kemikali iitwayo sodiamu borohidridi, ambayo ni sumu, ndiyo maana majani yakapendwa.

Chembe hizo huuaje bakteria?

Chembe huachia ayoni za fedha, yaani atomi za fedha zilizopoteza elektroni, ambazo huharibu utando wa bakteria na kunasa protini zake. Udogo ndio nguvu: sukari ya unga huyeyuka upesi kuliko bonge la sukari guru.

Hospitali wanaitumia?

Fedha, ndiyo. Krimu nyeupe ya silva salfadiazini, dawa yenye fedha, imepakwa kwenye majeraha ya moto tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na bandeji zenye chembe za fedha zipo. Zile za majani, karibu zote bado ziko maabara. Tatizo, kwa maoni yangu, ni majani yenyewe: ya masika si ya kiangazi, ya mti huu si ya ule, wakati dawa inataka kila chupa ifanane na mwenzake.

Jirani anauza "maji ya fedha" ya kunywa. Ninunue?

Usinunue, hata akiapa kwamba ni ya asili. Fedha ikirundikana mwilini hugeuza ngozi rangi ya kijivu-buluu, na kwa kawaida haitoki tena. Pia huzuia mwili kufyonza baadhi ya antibayotiki. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kuwa bidhaa hizo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na faida.

Nikichemsha majani na pete ya fedha je?

Utapata maji machungu na pete ya moto. Fedha haiyeyuki kwenye maji; ya maabara ilishayeyushwa kwa asidi ya naitriki. Ukiungua, mwagia maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha nenda zahanati.