Kikohozi cha Wiki Mbili: Maswali Ninayoulizwa Kliniki, na Majibu Yangu

Mgonjwa anaingia, anakaa, anatoa kwenye pochi chupa tatu za dawa ya kikohozi, zote tupu. Namuuliza kikohozi kilianza lini. Anahesabu kwa vidole: kabla ya Ramadhani. Na siku hiyo Iddi ya pili iko mlangoni. Amekohoa funga nzima, amekohoa sikukuu, amelala chumba kimoja na watoto wawili, na muda wote huo hakuna aliyemwambia akapime makohozi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, na mgonjwa huyu namwona kila wiki. Sura hubadilika, chupa ni zilezile.

Kifua kikuu ni nini hasa?

Ni ugonjwa unaoletwa na bakteria anayesafiri kwa hewa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya au hata akiimba, vijidudu hutoka na kubaki vikielea, hasa kwenye chumba kisichopitisha hewa. Anayevuta hewa hiyo anaweza kuambukizwa. Si kurogwa, si laana ya ukoo. Bakteria huyu alitangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, ndiyo maana kila 24 Machi huadhimishwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Iko pia TB ya tezi, ya mifupa na ya viungo vingine. Leo naiacha. Nazungumzia ya mapafu kwa sababu ndiyo unayompa mwenzako bila kujua.

Nitajuaje kama kikohozi changu ni cha kawaida au ni TB?

Hutajua, na mimi pia sijui kwa kukusikiliza tu. Kipimo ndicho kinachojua. Kazi yako ni kuhesabu siku. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime makohozi.

Kuna dalili nyingine: homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito, kukosa hamu ya kula, kifua kuuma. Lakini usikae nyumbani ukisubiri zikamilike zote. Kikohozi peke yake cha wiki mbili kinatosha kukuleta. Anayeishi na VVU asihesabu hata hizo wiki mbili, aje na kikohozi cha siku yoyote. Na ukikohoa damu, au pumzi ikikubana, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nesi, mimi nafanya kazi ya saruji. Si ni vumbi tu?

Kaka yangu, vumbi huleta kikohozi, ni kweli. Ila vumbi haliizuii TB isiingie. Wachimbaji wa madini wanalijua hili kwa uchungu: vumbi la mawe huharibu mapafu na kuyafanya yapate TB kwa urahisi zaidi. Sigara nayo hivyohivyo. Kwa hiyo unayeniambia "ni vumbi", "ni moshi wa kuni", "ni sigara tu", wewe ndiye ninayetaka kukuona mapema kuliko wengine. Wiki mbili zikifika, makohozi yapimwe. Kipimo kikisema si TB, tutashukuru wote.

Nilianzia duka la dawa, nikapewa dawa ya maji na vidonge. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Dawa ya maji hulainisha koo. Haimuui bakteria wa TB. Umalize chupa moja, umalize kumi, yeye yuko palepale. Vile vidonge vya rangi mbili unavyouziwa kwa kuhesabiwa navyo havitibu TB. Baadhi ya antibayotiki hukupa nafuu ya siku chache, kikohozi kinapoa, unaamini umepona, unarudi kazini. Kisha kinarudi. Unarudi dukani. Unabadilishiwa rangi ya vidonge. Hapo ndipo miezi inapopotea: mapafu yanazidi kuchimbika, na nyumbani watu wanazidi kuvuta hewa yako.

Mtu mmoja mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa anaweza, kwa mwaka mmoja, kuambukiza watu 5 hadi 15 walio karibu naye. Wahesabu wanaolala nyumbani kwako, ongeza wanaokaa nawe kibandani sokoni, utaona wametimia.

Nawaomba pia ndugu zangu wauza dawa. Kabla hujanyoosha mkono kwenye rafu, muulize mteja swali moja: umekohoa siku ngapi? Akisema wiki mbili, usimuuzie kitu. Mwelekeze kituo cha afya. Utapoteza bei ya chupa moja, na huyo mteja ataishi.

Kikohozi cha wiki mbili hakitibiwi dukani. Hata kama muuzaji ni rafiki yako. Hata kama foleni ya kituoni ni ndefu. Hata kama mara ya mwisho dawa ile ilikusaidia.

Kipimo ni bei gani, na majibu hukaa muda gani?

Kwenye vituo vya serikali, kipimo cha makohozi na dawa za TB ni bure. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa mbili ikishawekewa sampuli, na huonyesha pia kama bakteria amekuwa sugu kwa rifampisini, ile dawa yetu kubwa. Morogoro kuna hata panya buku waliofundishwa kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, kisha zile anazozitilia shaka zinahakikiwa maabara. Wanasayansi wamehangaika mpaka wakamfundisha panya ili wewe ugunduliwe mapema. Ila panya hawezi kunusa makohozi ambayo hujayaleta.

Nikikutwa na TB, ina maana nina UKIMWI?

Hapana. Wapo wengi wenye TB na hawana VVU. VVU hushusha kinga ya mwili na kuifungulia TB njia, kwa hiyo tunapima vyote viwili ili tukutibu sawasawa. Kisukari nacho huifungulia njia, na utapiamlo, na pombe nyingi. Nimeona watu wazima wakijificha miezi kwa kuogopa maneno ya majirani, wakaja wakiwa wamebebwa. Wale majirani waliokuwa wanaogopwa ndio waliombeba.

Baba amegundulika. Tumemtengea sahani na kikombe. Tumefanya vizuri?

Mwanangu, rudisheni vyombo vyake kabatini, mle naye.

TB haipiti kwenye sahani wala kijiko, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kukalia kiti alichokalia mgonjwa. Inapita kwenye hewa. Nimeingia nyumba ambazo mgonjwa ana sahani yake, kikombe chake, ndoo yake, na chumba anacholala na wajukuu kina dirisha moja lililozibwa kwa matambara! Nikiuliza, naambiwa mbu. Mbu wana dawa yao, ni chandarua. Fungueni dirisha. Mchana acheni mlango wazi, jua na upepo viingie.

Kwa wiki za mwanzo alale peke yake ikiwezekana, na akiwa na watu ndani ya chumba avae barakoa au ajifunike mdomo. Mchana kaeni naye nje, uani, chini ya mti. Akishameza dawa sahihi kwa wiki kama mbili, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Kwa hiyo kinachoilinda familia ni vidonge anavyomeza, na kinachomfanya amalize vidonge ni ninyi. Mtu aliyetengwa huona aibu, huacha kuja kliniki, huanza kuficha. Nasema ninachokiona: mgonjwa anayekumbushwa na mkewe au mwanawe kila asubuhi humaliza dozi, na anayekula peke yake nyuma ya nyumba hututoroka.

Nifanye nini kila siku, mimi ambaye siumwi?

Mambo madogo, na yote hayana gharama. Ukikohoa au kupiga chafya, tumia kiwiko, leso, au pindo la khanga. Si kiganja, maana kiganja hichohicho unampa konda nauli. Usiteme makohozi njiani. Tabia hii inanikera kuliko ninavyoweza kueleza: mtu mzima, amevaa vizuri, anatema mbele ya kina mama wanaouza mboga chini.

Kwenye daladala fungua dirisha. Mvua imeshakatika, jua limetoka, na bado watu thelathini wamefungiwa humo wakipumuliana. Barakoa tulizizoea wakati wa korona, kisha tukazitupa kama vile hewa imebadilika. Kama una kikohozi na unakwenda msikitini, kanisani au kwenye msiba, vaa. Unamtazama bibi aliyekaa pembeni yako, unamwonea huruma kabla hajaugua.

Na abiria akikohoa, usimsonye. Usihame kiti kwa kishindo. Fungua dirisha, kisha kama mnazungumza muulize taratibu: hiki kikohozi kina muda gani, ndugu yangu? Swali hilo limewaleta watu wengi kwangu kuliko bango lolote ukutani.

Kuhusu chakula, kuleni mshibe. Maharage, dagaa, mayai, mboga za majani. Sihitaji kuongeza.

Nimemeza mwezi mmoja, kikohozi kimekwisha, nimenenepa. Kwa nini niendelee?

Kwa sababu hujapona. Umepata nafuu.

Dozi ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Dawa za mwanzo huwaua bakteria wengi haraka, ndiyo maana unajisikia mzima. Waliobaki ni wagumu na hawana haraka. Ukiacha hapo, unawaachia hao wagumu shamba lote, na wakirudi wanaweza kuwa wameizoea dawa. Hiyo ndiyo TB sugu. Inahitaji dawa nyingine na uangalizi wa karibu zaidi, kama unaotolewa hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, na utakayemwambukiza ataipata hiyohiyo sugu. Hukumpa mwanao nafasi hata ya kuanza na ile rahisi.

Usiache. Umesafiri kwenda shamba? Sema mapema, tutakupa dawa za safari. Umesahau siku moja? Njoo uniambie, sitakufokea.

Mkojo ukibadilika rangi ya chungwa au wekundu, usishtuke, ni rifampisini. Lakini macho yakiwa ya njano, au ukitapika kila ukimeza, rudi siku hiyohiyo. Weka pombe pembeni, ini lako lina kazi kubwa miezi hii. Dada unayetumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango, tuambie kabla hujaanza, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya njia hizo.

Watoto wangu wamechanjwa BCG. Wako salama?

BCG, chanjo ya TB, huwakinga hasa na TB kali ya utotoni, ile inayofika kwenye ubongo. Haizuii kila kitu. Mtu mzima akigundulika nyumbani, waleteni watoto wote wapimwe, hasa walio chini ya miaka 5, na anayenyonya asiachwe. Mtoto mdogo mara nyingi hatoi makohozi. Utamwona haongezeki uzito, hachezi, ana homa zisizoisha. Asiye na ugonjwa anaweza kupewa dawa ya kinga. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia "huyu anacheza tu, mzima," nami nikamjibu kwamba ndio wakati mzuri wa kumleta.

Mume wangu anakohoa mwezi wa pili sasa. Hataki kabisa kusikia habari za hospitali. Nifanyeje?

Mama, usianze na neno TB. Na usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya mashemeji. Wanaume wengi ninaowapokea hawakatai kipimo, wanaogopa kupoteza siku ya kibarua na kuonekana kwenye lile benchi letu. Mwambie utakwenda naye, na kweli nenda naye. Kaa kwenye benchi pamoja naye.

Akikataa kabisa, njoo wewe, au mwone mhudumu wa afya wa mtaani kwenu, tukupe kikopo cha makohozi. Asubuhi akiamka, kabla ya chai, asukutue kwa maji matupu. Atoke uani, penye upepo, asimame mbali na watu. Avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Tunataka makohozi mazito. Mate hayatusaidii, na ndiyo makosa ninayoyaona kila siku. Afunge kifuniko kikaze, anawe mikono kwa sabuni. Jina lake liandikwe ubavuni mwa kikopo, si juu ya kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Ukilete asubuhi hiyohiyo. Tunafungua saa moja na nusu, na wenye vikopo hawapangi foleni.