Rangi ya Dhahabu Si Kipimo cha Usafi Wake: Ufafanuzi kwa Wanunuzi wa Mapambo

Malalamiko yanayofika kwenye dawati la upimaji wa madini ya thamani yamekuwa yakiongezeka, na mengi huanza kwa maneno yaleyale: pete imebadilika rangi, kwa hiyo mnunuzi ameuziwa dhahabu bandia. Pete hiyo ikipimwa, mara nyingi hukutwa na kiwango kilekile kilichogongwa upande wake wa ndani. Yapo pia malalamiko ya kinyume chake, ambapo mkufu uliopendwa dukani kwa unjano wake wa kung'aa hubainika kuwa shaba iliyochovywa dhahabu nyembamba kuliko unywele. Walalamikaji hawa wawili hufika wakiwa na mashaka tofauti, lakini kosa lao ni moja: wameitegemea rangi iwaeleze jambo ambalo rangi haina uwezo wa kulieleza.

Usafi wa dhahabu huhesabiwa kwa karati, yaani sehemu za dhahabu katika kila sehemu 24 za metali yote iliyomo. Pambo la karati 22 lina sehemu 22 za dhahabu na 2 za metali nyingine, na la karati 18 lina sehemu 18 za dhahabu na 6 za metali nyingine. Alama ya tarakimu tatu inaeleza jambo hilohilo kwa sehemu za elfu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Karati inayotajwa kwenye almasi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni uzito, na karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Stakabadhi inayosema tu "pete, karati 1, karati 18" haijaeleza ipi ni ya jiwe na ipi ni ya dhahabu, na mnunuzi ana haki ya kudai iandikwe upya.

Inatulazimu kurudia, na tumelirudia mara nyingi, kwamba dhahabu ya karati 18 ni dhahabu halisi. Metali zinazochanganywa humo hazikuwekwa ili kumpunja mtu. Dhahabu tupu ni laini, hupinda na kukwaruzika upesi, na makucha ya pete yanayoshikilia jiwe yakitengenezwa kwa karati 24 yatalegea na jiwe litaanguka. Sonara huongeza shaba, fedha au metali nyingine ili pambo listahimili kuvaliwa kila siku. Udanganyifu upo pale tu kiwango kilichotajwa kinapotofautiana na kilichomo.

Metali hizohizo ndizo zinazoleta rangi. Dhahabu ya njano iliyozoeleka huwa na shaba na fedha kwa kiasi kinachokaribiana. Shaba ikizidi, pambo huelekea wekundu, na ndiyo inayoitwa dhahabu ya waridi. Fedha ikizidi, hupatikana njano iliyopauka yenye ukijani. Dhahabu nyeupe hupatikana kwa kuongeza nikeli au paladiamu, ambazo huizima njano ya dhahabu bila kuimaliza kabisa. Kwa sababu weupe unaobaki huwa na kivuli cha njano au kijivu, mafundi wengi huichovya pete iliyokamilika katika rodiamu, metali ya jamii ya platinamu yenye weupe mkali. Tabaka hilo huchakaa kwa msuguano wa kuvaliwa, hasa upande wa chini wa kidole, na njano hafifu iliyokuwa imefunikwa huanza kuonekana. Hiyo ndiyo pete inayoletwa kwetu ikiitwa bandia. Haijapungua hata sehemu moja ya dhahabu yake, na ikichovywa tena katika rodiamu weupe wake hurudi. Muuzaji alipaswa kumweleza mnunuzi jambo hilo siku ya kuuza, na pale ambapo hakueleza, lawama ya ukimya huo ni yake.

Kuhusu nikeli tunashauri tahadhari ya pekee. Ngozi za baadhi ya watu huwasha na kutoka vipele zinapogusana nayo kwa muda mrefu, na masikio yaliyotobolewa ndiyo huathirika zaidi. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, na ukomo wa vitu vinavyopitishwa kwenye matundu ya mwilini ni mkali zaidi. Mwenye ngozi ya aina hiyo aulize kwa maneno ya wazi kama weupe wa hereni umetokana na nikeli au paladiamu, na jibu liandikwe kwenye stakabadhi.

Kwa hiyo pete tatu za karati 18, moja ya njano, moja nyeupe na moja ya waridi, zikiwa na uzito sawa zina dhahabu sawa. Bei ikitofautiana, sababu itafutwe katika metali iliyochanganywa, kama paladiamu ambayo nayo ni ya thamani, au katika kazi ya fundi. Wekundu hauongezi usafi. Dhahabu ya karati 24 haina rangi nyingine isipokuwa njano, kwa kuwa haikuachiwa nafasi ya metali ya kuibadilisha. Anayetangaza dhahabu nyeupe ya karati 24 ama haijui bidhaa yake au anadanganya. Ipo pia dhahabu ya zambarau, inayotokana na alumini na kuwa na takriban asilimia 79 ya dhahabu, lakini huvunjika kama kioo, ndiyo maana hutumika zaidi kama kipande cha kupachikwa kuliko pete nzima.

Baadhi ya alama hupotosha macho yasiyozoea. Pambo la njano lenye alama 925 ni fedha iliyochovywa dhahabu, kwa sababu 925 ni kiwango cha fedha. Herufi GP, GEP na HGE huashiria mchovyo wa dhahabu juu ya metali nyingine, na alama 1/20 14K GF humaanisha kwamba tabaka la nje ni la karati 14 na uzito wa tabaka hilo ni sehemu moja ya ishirini ya pambo zima. Herufi KP hueleweka vibaya kuliko zote: 14KP haimaanishi kuchovywa, bali kwamba kiwango cha karati 14 kimetimia kikamilifu.

Majaribio ya nyumbani tungependa yaachwe. Sumaku haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba wala risasi pia, na mkufu halali unaweza kuvutwa na sumaku kwa sababu tu ya springi ya chuma iliyo ndani ya kishikizo chake. Siki na meno havithibitishi chochote. Kupima uzito ndani ya maji kuna msingi wa kisayansi, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19.3, lakini pambo lenye mawe au lenye uwazi ndani huharibu hesabu, na tangsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na wa dhahabu, hulipita jaribio hilo bila kushtukiwa.

Katika maabara hutumika njia tatu. Ya kwanza ni mashine ya miale ya eksirei, inayotoa jibu ndani ya dakika bila kulidhuru pambo, ila husoma tabaka la juu tu lenye unene wa maikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Mchovyo mnene unaweza kuidanganya. Ya pili ni jiwe la kupimia, ambapo pambo husuguliwa kwenye jiwe jeusi, kando yake husuguliwa sindano ya karati inayojulikana, kisha michirizi yote miwili hudondoshewa asidi na kulinganishwa. Ya tatu, ambayo ndiyo inayomaliza ubishi, ni kuyeyusha katika tanuri. Kipande kidogo hukatwa, hupimwa uzito, huongezewa fedha, hufungwa katika karatasi ya risasi na kuwekwa kwenye kikombe chenye vinyweleo ndani ya tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi. Risasi huoksidika na kunywewa na kikombe pamoja na shaba na metali nyingine duni, ikiacha punje ya dhahabu na fedha. Punje hiyo hupondwa, hukunjwa na kuchemshwa katika asidi ya nitriki inayoiondoa fedha yote, na kinachobaki hupimwa tena. Kwa kuwa kipande hukatwa, kazi haianzi mpaka mwenye mali atie saini ya kuridhia, na saini ya mtu aliyetumwa bila idhini ya maandishi haitoshi.

Alama rasmi si jambo la jana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1300 ilikwisha kuweka viwango vya dhahabu na fedha, na mwaka 1478 upimaji uliwekwa kwenye ukumbi wa masonara jijini London. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1972 uliwezesha nchi wanachama kutambua alama moja ya pamoja, na India ilianza kuulazimisha ugongaji wa alama kwa awamu kuanzia Juni 2021. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1973, kuliuza kama dhahabu pambo linalostahili alama lakini halina kunaweza kumpeleka muuzaji gerezani hadi miaka 2, na kughushi alama hadi miaka 10. Nchini India, mnunuzi wa pambo lenye alama lililokutwa na upungufu hulipwa mara mbili ya tofauti ya thamani pamoja na gharama za upimaji.

Haki za namna hiyo hutegemea ushahidi. Stakabadhi itaje karati, uzito wa dhahabu bila mawe, jina la muuzaji na tarehe. Pambo lenye shaka lisipelekwe kwa fundi kupanuliwa, kung'arishwa wala kuunganishwa kabla ya kupimwa, kwa sababu lehemu ya ukarabati inaweza kuwa na karati ndogo kuliko pambo lenyewe, na tukishaikuta humo hatuwezi tena kusema upungufu ulianza kwa nani.