Tommy John hakuwa mrushaji wa kasi, kabla ya kisu wala baada yake

Ijumaa iliyopita baba mmoja wa kwetu Bukavu, tunayeishi naye hapa Texas, aliniletea mwanawe wa miaka 15, mrushaji wa besiboli, hapa ninapowafanyisha mazoezi waliopasuliwa viwiko. Kiwiko hakina tatizo, alisema. "Ila dada, tumfanyie tu ile Tommy John mapema, angali mdogo. Wote wanaofanyiwa wanarudi wanarusha kwa kasi zaidi." Anasema ule upasuaji wa kiwiko wa kuweka ligamenti mpya, yaani ukanda unaoshika mfupa na mfupa, pale ya zamani inapokatika. Ni mzazi wa nne mwaka huu kuniambia hivyo. Nimechoka kulijibu jambo hili mlangoni mtu akiwa anavaa koti, kwa hiyo nalijibu hapa.

Tuanze na mwenye jina lake. Tommy John, mzaliwa wa Terre Haute, Indiana, 1943, alirusha kwa mkono wa kushoto na hakuna mpigaji aliyemwogopa kwa kasi. Riziki yake ilikuwa mpira unaozama: unafika kwenye sahani, pale anaposimama mpigaji, ukishuka, mpigaji anaugonga sehemu ya juu, unabiringika chini, walinzi wa ndani wanamaliza kazi. Mwaka 1974 alikuwa na timu ya Los Angeles Dodgers, ameshinda mechi 13 na kupoteza 3, ndipo tarehe 17 Julai, dhidi ya timu ya Montreal, kiwiko kikamwachia. Ligamenti ya upande wa ndani ilikuwa imekatika. Enzi hizo mrushaji akikatika hapo, alikuwa anatafuta kazi nyingine.

Septemba 25 Dk. Frank Jobe alitoa kano, uzi unaounga msuli na mfupa, kwenye mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu katika mifupa ya kiwiko cha kushoto, akaipitisha humo kwenda na kurudi kama mtu anayewamba kitanda cha kamba. Uwezekano wa kurudi uwanjani alimtajia wazi: moja kwa mia. Tena mambo hayakunyooka. Neva iligoma, vidole vikajikunja, ikabidi apasuliwe tena Desemba. Msimu wote wa 1975 hakucheza. Alirudi 1976, akashinda mechi 10 na kupoteza 10, kisha akaendelea hadi 1989, akiwa na miaka 46. Ushindi wake wote ni 288, na 164 kati ya hizo ni za baada ya kisu. Mpira aliourusha miaka hiyo yote ulikuwa uleule wa kuzama.

Kama unataka kuiona hiyo kano, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Uzi unaosimama katikati, mwembamba kama kamba ya kiatu, ndio huo. Wapo wanaozaliwa bila huo, nao huchukuliwa kano ya mguuni. Huwa nawaonyesha wazazi mkono wangu mwenyewe, kisha nawauliza: huu uzi utausukumaje mpira?

Hapo ndipo watu wanaponikera, na naomba tuelewane polepole. Ligamenti haitoi nguvu. Inashika mfupa na mfupa visiachane, kama bawaba inavyoshika mlango. Kasi inaanzia miguuni, inapanda nyonga, kiuno, bega, na mkono unafika mwisho kabisa. Kiwiko kinavumilia tu hiyo safari.

"Mbona fulani amerudi na kasi zaidi?" Ndiyo, wapo. Lakini uliza unalinganisha na kasi ipi. Mara nyingi ni ile ya miezi ya mwisho kabla ya kupasuliwa, wakati ligamenti imeshaanza kuchanika na kijana anaficha maumivu ili asitolewe kwenye timu. Ile ilikuwa kasi ya mgonjwa. Kisha anapasuliwa, anakaa mwaka mzima na mimi, anafanyishwa mazoezi ya miguu na mgongo ambayo kocha wake hakuwahi kumpa, analala vizuri, na kama ana miaka 17 anaongezeka mwili. Akirudi anarusha vizuri, na kisu ndicho kinachosifiwa.

Wengine hunitajia Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na pia kupiga. Alipasuliwa kiwiko 2018, akapasuliwa tena 2023. Mwaka 2024 hakurusha hata mpira mmoja kwenye mechi za ligi. Zile "home run" 54, mipira aliyoipiga mpaka nje ya uwanja, zilitoka kwenye gongo. Na kupasuliwa mara ya pili si jambo la kumwombea mtoto.

Nikiri mambo mawili. La kwanza, siku ya kumwambia mtu "sasa rusha kwa nguvu zote" haina kipimo. Tunasema miezi 12, wengine 18, lakini mimi hubonyeza, hutazama, humsikiliza, na sehemu kubwa ya uamuzi iko vidoleni mwangu. La pili, miaka mingi niliwakataza watoto kurusha mpira wa kupinda nikiamini ndio unaowaharibu viwiko. Leo naamini zaidi kwamba ni wingi wa kurusha, na kurusha kwa nguvu zote bila kupumzika. Hata hivyo nimeona waangalifu wakikatika na wakorofi wakizeeka salama. Tommy John mwenyewe amesema hadharani kwamba anasikitika kuona upasuaji wenye jina lake ukifanyiwa watoto.

Basi yule kijana nilimwuliza lini mara ya mwisho alikaa miezi mitatu bila kurusha. Akamtazama baba yake. Timu ya shule masika, klabu kiangazi, mashindano vuli, mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Nikamshika mkono, nikakunja kiwiko, nikabonyeza kwa kidole gumba pale chini ya mfupa wa ndani.

"Hapa panauma?"

"Kidogo, dada. Jumapili tu, baada ya mechi za Jumamosi."

Baba yake alikuwa hajawahi kuambiwa. Aliketi, akalivua koti.