Dereva wa majambazi na uongo wa mguu mzito

Juzi nilitazama filamu ya dereva anayewatorosha majambazi. Ilipofika dakika ya arobaini nilikuwa nimeshashika simu. Jina lake silitaji, maana zipo nyingi za namna hiyo. Kilichonikera zaidi ni mabishano yaliyofuata, kwa sababu walioiponda na walioitetea walikuwa wanakosea pamoja, kila upande na dhana zake.

Dhana: imeboa kwa sababu magari hayakufukuzana vya kutosha

Nilihesabu mbio nne, na hazikusaidia kitu. Bullitt ya mwaka 1968, ambayo kila mpenzi wa mbio za magari huitaja, ina mbio moja kubwa tu ya magari: takribani dakika 11 ndani ya filamu ya karibu saa mbili. Tunaikumbuka kwa sababu tunajua nani anamfuata nani. Wauaji wanamfuata polisi, wanampoteza, kisha mmoja wao anainua macho na kumwona kwenye kioo cha nyuma. Hapo mwindaji amegeuka windo, na hakuna aliyesema neno.

Au chukua Drive ya 2011. Sehemu yake ya kwanza, kwa dakika kadhaa, ni dereva anayesubiri, anayezima taa, anayejificha chini ya daraja huku redio moja ikitangaza mechi ya kikapu na nyingine ikinasa mawasiliano ya polisi. Tunadhani mechi ni ya kupoteza muda tu, hadi anapoingiza gari kwenye maegesho ya uwanja mechi inapokwisha, anavaa kofia ya mashabiki na kupotelea kwenye umati. Ujanja wote ulikuwa masikioni mwetu tangu mwanzo. Katika filamu niliyotazama mimi, picha zilikatwakatwa hivi kwamba sikujua polisi wako nyuma, mbele, au mtaa wa pili.

Dhana: dereva stadi ni mwenye kasi

Hii ina mzizi wa kweli, ila ni wa zamani. Desemba 1911, jijini Paris, genge la Bonnot lilimpora mjumbe wa benki katika mtaa wa Ordener na kutoroka kwa gari la wizi. Wakati huo polisi walitegemea farasi na baiskeli, kwa hiyo mwenye injini alikuwa ameshashinda. Polisi walipopata redio, hesabu ikabadilika: hata uendeshe vipi, huwezi kuyapita mawimbi.

Ndiyo maana napenda kisa cha Roy James. Alikuwa dereva wa mashindano ya magari, na mwaka 1963 alishiriki katika ule wizi mkubwa wa treni ya barua huko Uingereza. Ungedhani walimpa gari la mbio. Wapi! Msafara wao ulikuwa lori moja na Land Rover mbili, ukipita barabara za vijijini usiku kuelekea maficho yao, shamba la Leatherslade, huku redio yao ikisikiliza polisi. Barabarani hawakukamatwa. Kilichomponza James ni alama za vidole vyake zilizokutwa shambani, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Mwandishi wa filamu angekaa na hilo wiki moja tu, angepata hadithi: mtu mwenye kipaji cha mwendo anayelazimika kwenda taratibu, kisha anaponzwa na kitu alichokigusa akiwa amesimama.

Dhana: dereva asiyesema ana kina

Dereva wetu alisema maneno machache sana, na watetezi wakaita hiyo sanaa. Ukimya una maana pale mikono inapozungumza: jinsi anavyopanga kioo, anavyotazama saa, anayemruhusu kukaa kiti cha mbele. Huyu alikuwa kimya kwa sababu hakuandikiwa kitu.

Dhana: hakuingia benki, kwa hiyo kosa lake ni dogo

Filamu nzima ilimalizikia hapa, mwendesha mashtaka akimwachia kwa huruma. Katika nchi nyingi, anayesaidia uhalifu kwa kujua hushtakiwa kwa kosa lile lile la aliyeutenda. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu akiuawa wakati wa ujambazi, hata dereva aliyebaki nje anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Uingereza ilikuwa na kanuni inayokaribiana na hiyo, ikaifuta mwaka 1957. Fikiria basi dereva aliye nje, injini inaunguruma, anasikia mlio mmoja wa risasi ndani. Hajui nani kaanguka, ila tayari maisha yake yamebadilika. Hofu hiyo walikuwa nayo mkononi, wakaitupa.

Suala la tangi la petroli kulipuka kwa risasi moja, kama filamu hizi zinavyopenda, nitalipita haraka. Risasi ya kawaida hutoboa tangi, petroli ikamwagika. Ili iwake ni lazima mvuke wake uchanganyike na hewa kwa kiasi fulani, kisha cheche.

Na wale wanaosifu kwamba mwigizaji "aliendesha mwenyewe": hata Steve McQueen, nyota wa Bullitt aliyekuwa dereva kweli, aliwaachia wengine sehemu za hatari zaidi katika filamu hiyo. Katika Ronin ya 1998 yalitumika magari yenye usukani upande wa kulia. Dereva wa kweli aliendesha huko, na mwigizaji akashika usukani wa bandia kushoto. Bado zile mbio zinatisha.

Dhana: zilizofeli mwanzoni huja kuthaminiwa baadaye

Hapa watetezi huleta The Driver ya mwongozaji Walter Hill, iliyotoka 1978, ikafanya vibaya sokoni Marekani, kisha ikapata heshima yake miaka ilipopita. Ni kweli. Lakini The Driver ilikuwa na dereva asiye na jina tuliyemfahamu kwa kumtazama akifanya kazi yake. Huyu wa juzi alikuwa na jina, na nimeshalisahau.